Mmamba si mamba: kisa cha asubuhi moja Mabamba

"Mmamba," alisema mzee mwenye pondo kwa sauti ya chini, akielekeza kidevu kwenye maji. Mwalimu aliyekaa karibu naye aliruka akasimama wima. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaturowesha miguu, mmoja wetu akapiga ukelele, na yule ndege tuliyemtafuta tangu alfajiri, korongo-nyangumi, akachuchumaa kidogo, akakunjua mabawa yenye upana unaozidi mita mbili, akaondoka zake juu ya mafunjo. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Tulikuwa tumemwona kwa muda usiofika dakika nne.

Kwa Kiganda, mmamba ni kamongo, yule samaki mrefu wa matope anayepanda juu kuvuta hewa. Mwalimu wetu ni mtu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hajui Kiganda, na Kiswahili ndicho anachofundisha siku zote tano za juma. Sikio lake lilisikia mamba. Nani angetulia kitako katika mtumbwi ambao ukingo wake uko shubiri moja tu juu ya maji, naye anaambiwa kuna mamba mbele yake?

Njia nzima ya kurudi Kampala lawama ilikuwa yake. "Mwalimu, umetufukuzia ndege," walimwambia wenzake, kwanza kwa utani, baadaye kwa uchungu, maana watu walikuwa wamechanga pesa kwa miezi mitatu. Yeye alitazama nje ya dirisha la taksi. Mimi ndiye niliyepanga safari, nami nilinyamaza. Imenichukua miezi miwili, mazungumzo na mzee yule, na safari ya pili, kuelewa kwamba ndege yule angeruka hata kama hakuna aliyefungua kinywa. Nakieleza kisa hatua kwa hatua, kwa sababu mwalimu alibebeshwa mzigo usio wake, na kwa sababu kosa lenyewe ni jepesi kufanywa na yeyote anayekwenda kutazama ndege akiwa na hamu kubwa.

Mahali na mwenyeji wake

Mabamba ni mkono wa Ziwa Viktoria, magharibi ya Entebbe, katika wilaya ya Wakiso. Kwenye ramani ni ghuba. Ukifika, unakuta mafunjo na matete mpaka macho yanachoka, na ndani yake vijia vya maji ambavyo vingine mtumbwi hupita kwa kujipenyeza. Hekta 2,424 za hapo ziliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Kutoka Kampala unashika barabara ya Masaka hadi Mpigi, unakata kwenda Kasanje, halafu ni vumbi mpaka mwaloni. Wanaotokea Entebbe huvuka maji kutoka Nakiwogo.

Watu huenda Mabamba kwa sababu ya ndege mmoja. Waganda humwita bulwe. Vitabu vya Kiswahili humwita korongo-nyangumi, ingawa si korongo hasa: wataalamu wa vinasaba wamemkuta karibu zaidi na mwari na fundichuma. Akisimama anakaribia kimo cha mtoto wa miaka saba. Rangi yake ni ya jivu lenye ubuluu. Mdomo wake una urefu wa sentimita 20 hivi, mpana kama kiatu cha mbao, na kwenye ncha una ndoana kama ya kuvulia. Hukaa peke yake, hutulia kama kigogo, na mgeni huweza kumpita bila kumtambua.

Anaishi katika vinamasi kuanzia Sudan Kusini mpaka Zambia, na makadirio yanayotajwa sana ni kati ya ndege 5,000 na 8,000 duniani kote. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, lakini ni nadra vifaranga wote wawili kukua. Yule wa kwanza kuanguliwa humzidi nguvu mdogo wake, naye mdogo hufa. Kwa hiyo jozi moja ikifanikiwa mwaka huo, imeongeza ndege mmoja. Ndiyo maana mimi siwezi kusema "ni ndege tu, atarudi."

Hapo zamani wavuvi wa Mabamba hawakumpenda. Waliamini kuwa ukikutana na bulwe ukienda kuvua, nyavu zitarudi tupu, na wengine walimfukuza au kumuua. Mzee mwenye pondo aliniambia kwamba baba yake alikuwa akimwona tu anageuza mtumbwi na kurudi nyumbani kulala. Leo wana wa wavuvi wale ndio wanaojua kila mlango wa maji, na pesa ya mgeni ndiyo iliyombadilisha bulwe kutoka nuksi kuwa riziki. Nitairudia pesa hiyo, maana imo ndani ya kisa.

Jinsi ilivyokuwa

Tulikuwa wanane, walimu wa Kiswahili, katika likizo ya Agosti. Tulipatana kuondoka Kampala saa kumi alfajiri. Tukaondoka saa kumi na moja na nusu, tukasimama Mpigi kununua roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na yai, na chai, na tulipofika mwaloni jua lilikuwa limeshatoka na mitumbwi ya wengine ilikuwa imetangulia. Kuchelewa kwenyewe hakukumfukuza ndege. Kulichofanya ni kunitia wasiwasi, na wasiwasi ule niliupandisha mtumbwini pamoja nami.

Kabla ya kuondoka nilimwambia mzee: "Mzee wangu, hawa wametoka mbali. Tunataka tumwone karibu kabisa."

"Tutajaribu, ssebo," alijibu, yaani bwana.

Sentensi ile yangu ndiyo ninayoiona sasa kuwa mwanzo wa mambo yote. Sikumuuliza anafanyaje. Nilimpa agizo.

Tuliingia kwenye kijia, mitumbwi miwili, wanne wanne. Nasikitika kusema kwamba tulipita mali nyingi bila kuitazama. Palikuwa na yungiyungi zimefunguka, na juu ya majani yake wakitembea wale ndege wa vidole virefu wasiozama. Palikuwa na mdiria mdogo wa buluu kwenye bua la funjo, karibu kiasi cha kuhesabu manyoya ya kifua. Furukombe aliita kutoka kwenye mti mkavu. Na juu ya nyasi, mzee alituonyesha mbayuwayu buluu wakikata upepo, ndege walio hatarini, ambao huzaliana kusini, pamoja na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kisha huja kwetu Uganda kati ya Aprili na Septemba. Mzee alisimamisha pondo ili tuwaone. Mimi nilitazama saa.

Tulimkuta bulwe baada ya nusu saa. Mitumbwi miwili ya watu wengine ilikuwa imesimama kimya, mita arobaini hivi kutoka kwake. Ndege alikuwa juu ya zulia la majani yanayoelea, ubavu wake ukiwa kwetu, mdomo umeinamia kipande cha maji wazi kisichozidi upana wa mlango. Kutoka tulipokuwa, kichwa chake kilizibwa nusu na matete. Nikamwashiria mzee kwa mkono: mbele, mbele. Akasita. Nikaashiria tena. Akaizunguka ile mitumbwi miwili, akapenya, akatuweka kwenye yale maji wazi, uso kwa uso na ndege, mita kumi na tano au pungufu. Mtumbwi wetu wa pili ukafuata ukakaa pembeni yetu.

Bulwe akainua mdomo kutoka kwenye maji akatutazama. Nilifurahi mno. Picha ya uso mzima, macho mawili yamekukazia, ndiyo kila mtu anayoitaka. Simu nane zikainuliwa. Sikujua kwamba kule kuinua mdomo ndiyo alama niliyopaswa kuiogopa.

Kisha maji yakatoa povu upande wa kushoto wa mtumbwi wetu, pua butu ikatokeza, ikavuta hewa kwa sauti kama ya mtu anayefyonza chai ya moto, ikazama. Mzee akasema neno lake.

Nani alimfukuza

Washukiwa walikuwa wengi. Wapo waliosema ni ukelele. Yupo aliyesema ni koti jekundu la mwenzetu mmoja. Wengi walisema ni mwalimu kusimama. Niliyapima haya yote baadaye, na kilichonisaidia ni ile mitumbwi miwili tuliyoikuta. Mmoja wa waliokuwa ndani yake aliniambia mwaloni kwamba walikaa pale zaidi ya nusu saa. Walikuwa na majaketi ya kuokolea ya rangi ya chungwa, waliongea kwa sauti ya kawaida, mtoto wao alipiga chafya mara kadhaa. Ndege hakuhama. Alikuwa ndege yule yule, asubuhi ile ile. Kilichobadilika kati ya nusu saa yao na dakika nne zetu ni mahali mtumbwi uliposimama.

Hapo ndipo inabidi kujua bulwe anakula nini na kwa njia gani. Hula kambare, vyura, nyoka wa majini, hata vitoto vya mamba, lakini kamongo ni chakula chake kikuu katika vinamasi vyetu. Kamongo ana mapafu. Akiwa mkubwa hawezi kuishi kwa matamvua peke yake, lazima apande juu kuvuta hewa. Katika kinamasi kilichofunikwa na majani, hawezi kutokeza popote. Hutokeza palipo na tundu la maji wazi. Bulwe analijua tundu hilo. Husimama ukingoni, akainamisha mdomo, akangoja, na kungoja kwake kunaweza kuchukua saa nyingi. Samaki akitokeza, hamdonoi kama yangeyange. Hujiangusha mzima mzima, kichwa, kifua na mabawa, kisha hutumia mabawa na mdomo kujisukuma asimame tena. Akishajitupa hivyo na kukosa, maji pale yameshachafuka na samaki wameshtuka. Inambidi aanze upya au ahame.

Basi kile kipande cha maji chenye upana wa mlango, nilichokiona mimi kama nafasi ya kuegesha mtumbwi, kilikuwa sahani yake, nasi tulikuwa tumekaa juu yake. Pondo letu lilichokonoa matope ya chini. Samaki aliyekuwa anamngoja alitokeza, kweli, lakini ubavuni mwa mtumbwi wetu, upande asioweza kuufikia. Mzee alipotamka "mmamba" hakuwa akitahadharisha mtu. Alikuwa akitueleza sababu ya ndege kusimama pale.

Nilipokwenda kumwona mwezi Septemba, nilimuuliza waziwazi kama ni mwalimu aliyemrusha. Alitikisa kichwa. "Alipoacha kutazama maji," alisema, "alikuwa ameshaondoka. Mabawa tu ndiyo yalichelewa."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kutupeleka, naye anajua haya yote. Hakunijibu haraka. Alikuwa akishona wavu, akaendelea kushona. Halafu akasema kwamba mgeni akirudi hajaridhika, kesho anawaambia wenzake watafute mtumbwi wa mtu mwingine. Bakshishi hutolewa mwisho wa safari, na hupimwa kwa ukaribu wa picha. Mimi mwenyewe, nilipokumbuka, nilikuwa nimeishika ile bakshishi mkononi tangu asubuhi, mahali anapoiona. Pesa iliyomwokoa bulwe kutoka kwa mkuki wa mvuvi ndiyo inayomsogeza mtumbwi hadi miguuni kwake. Anayeshika pesa hiyo ni mgeni, kwa hiyo mimi simlaumu mzee.

Kuna watakaosema kwamba ndege akiruka mara moja hafi. Ni kweli, na huyu wetu alitua mita mia mbili mbele. Lakini msimu wa kulea, wazazi hubeba maji mdomoni wakayamimina juu ya mayai na kifaranga ili jua lisiwaue, na kiota chenyewe kiko chini tu, juu ya majani yanayoelea, bila kivuli. Mzazi anayerushwa na mtumbwi wa kwanza saa moja, wa pili saa tatu, wa tatu saa tano, analipa kwa muda wa kuwinda na kwa maji yasiyofika. Mabamba ina wageni karibu kila siku.

Mara ya pili

Tulirudi tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya Uhuru. Safari hii tulikuwa wanne, na wa kwanza niliyemwomba aje ni mwalimu wa Arua. Alikataa mara mbili. Nilimwendea nyumbani kwake, nikamweleza aliyoniambia mzee, nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu ndani ya taksi. Mkewe alikuwapo. Nilitaka naye asikie.

Tulilala Mpigi, tukawa mwaloni kabla ya jua. Kabla ya kupanda nilimkabidhi mzee malipo yote pamoja na bakshishi, nikamwambia mbele ya wenzangu: "Mzee, hii ni yako, tumwone tusimwone. Utakaposema tusimame, tutasimama. Ukisema turudi, turudi." Alizihesabu, akaziweka mfukoni, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. Kisha tukamwomba atufundishe maneno. Bulwe. Mmamba. Njobe, yule swala wa majini ambaye Waswahili humwita nzohe. Mwalimu aliyaandika kwenye daftari na kuyasoma kwa sauti mpaka mzee akaridhika na ile m ya mwanzo inayovutwa.

Tulimpata karibu saa mbili. Mzee alisimamisha mtumbwi umbali wa mita hamsini hivi, si mbele ya ndege bali nyuma kidogo ya bega lake, akachomeka pondo kwenye matope ili tusipeperushwe. Kwa darubini tulimwona vizuri kuliko tulivyomwona Agosti kwa macho, hata kishungi kidogo cha kisogoni kikichezewa na upepo. Mdomo wake ulikuwa umeelekea majini. Tulikaa saa moja na dakika kumi. Miguu ilikufa ganzi. Wingu lilipita, likanyesha rasharasha, likaondoka. Mitumbwi mingine miwili ilifika, mzee akawapungia mkono waje upande wetu, wakaja, wakakaa nyuma yetu. Mdomo haukuinuka hata mara moja.

"Mmamba," alinong'ona mwalimu. Aliona povu kabla ya mzee.

Ndege akaanguka. Sina neno lingine. Alikuwa amesimama, kisha hakuwapo, palikuwa na fungu la manyoya ya kijivu na maji yanayoruka. Akajisukuma kwa mabawa akasimama, mdomo umejaa majani, mizizi na matope, na kati ya vyote hivyo mkia wa kamongo ukipiga huku na huku. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, taratibu. Alifungua mdomo kidogo, majani yakadondoka, akaufunga kabla samaki hajateleza. Akaufungua tena, mizizi ikadondoka. Kingo za mdomo ule ni kali, na kwa kubana kule alikikata kichwa cha samaki. Tulikisikia kikitumbukia. Kisha akammeza aliyebaki, akainama kunywa maji, akasogea hatua mbili, akaanza upya kutazama chini.

Hakuna aliyepiga picha nzuri. Ninayo moja ya mita hamsini, ndege ana ukubwa wa ukucha.

Shule zilipofunguliwa siku iliyofuata, niliwaeleza wale wenzetu wengine kisa chote katika chumba cha walimu, nikianza na mkono wangu ulioashiria mbele, mbele. Wawili walimfuata mwalimu mezani kwake. Yeye sasa ameniuliza mbayuwayu buluu hurudi lini, maana wale hakuwatazama. Nimemwambia Aprili.